Wanaompenda Kufa na Wasiotaka Kumsikia

Hoja iliyoletwa mezani ni hii: kiongozi anayewagawa watu pande mbili, hawa wakawa tayari kufa naye na wale wakawa hawataki hata kulisikia jina lake, hali hiyo humfaa au humponza? Mfano uliochaguliwa ni Raila Amolo Odinga, aliyefariki India tarehe 15 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 80. Aligombea urais wa Kenya mara tano. Mara zote tano aliyeingia Ikulu alikuwa mwingine.

Wasemaji nimewapanga mwenyewe. Hawana majina, kwa kuwa hoja zao si za mtu mmoja. Ni zile zile zinazorushwa ndani ya matatu, barazani na kwenye vibanda vya kahawa kila uchaguzi unapokaribia. Kuna Mwalimu mstaafu wa historia kutoka Mombasa, Wakili wa Nairobi, Mama Mboga wa Kibra, na Mwanahabari aliyevuka mpaka kutoka Dar es Salaam. Kijana mmoja atachelewa kufika, kama kawaida ya vijana. Kazi yangu ni kugawa zamu, na pale nitakaposhindwa kunyamaza mtanisamehe.

MWALIMU: Mimi nasema humponza, na shahidi wangu ni Raila huyo huyo. Angalieni alichokuwa nacho. Ni mtoto wa Jaramogi, makamu wa kwanza wa rais. Alisomea uhandisi Magdeburg, Ujerumani Mashariki. Alitiwa kizuizini mara tatu na serikali ya Moi. Mama yake mzazi alifariki 1984 naye yumo ndani, na askari jela walikaa miezi miwili kabla ya kumpa habari. Mtu wa namna hiyo, mwenye historia hiyo, nchi nyingine angeshinda uchaguzi akiwa amelala. Kwetu hakushinda, kwa sababu kila alipopanda jukwaani palikuwa na Mkenya anayelia kwa furaha na mwingine anayefunga duka. Kura hazipigwi na wanaokupenda peke yao. Huko Mlimani, yaani eneo la Mlima Kenya, 2007, 2013 na 2017 watu walipanga foleni kabla ya alfajiri, na wengi wao hawakuwa na mapenzi makubwa na Mwai Kibaki wala Uhuru Kenyatta. Walikwenda ili Raila asipite.

MAMA MBOGA: Mwalimu, kwa heshima yako, ngoja kwanza. Hiyo hofu ilitoka wapi? 2002 pale Uhuru Park alisema maneno mawili tu, "Kibaki Tosha", na Mlima wote ukampigia makofi. Kibaki akapata ajali ya barabarani, akapelekwa London kutibiwa, na aliyezunguka nchi akimuombea kura ni nani? Si huyo huyo Raila? Kibaki akaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na yale makubaliano yao ya kugawana serikali yakatiwa kabatini. Alipouliza mbona hamtimizi, ndipo akaanza kuitwa mgawanyi. Maskini akidai chake huitwa mkorofi.

MWALIMU: Mama, mimi sikatai kwamba alidhulumiwa. Nasema kudhulumiwa hakuongezi kura.

MAMA MBOGA: Kwangu kuliongeza.

Hapa niingie kidogo. Mwalimu anazungumza kana kwamba kugawa ni tabia ya mtu, kama vile ukali au uchoyo. Ushahidi wa 2005 haumuungi mkono. Mwaka huo Kenya ilikwenda kwenye kura ya maoni juu ya rasimu ya Katiba. Wasiosoma wapate kuelewa, tume ya uchaguzi ikawapa upande wa Ndiyo alama ya ndizi na upande wa Hapana alama ya chungwa. Raila alikuwa waziri wa barabara katika serikali ile ile ya Kibaki, na akaongoza Chungwa. Hapana ikashinda, Kibaki akalifukuza karibu baraza zima la mawaziri, na chungwa likageuka chama, ODM. Waligawa wawili: aliyevunja ahadi na aliyekwenda kwa wananchi kuishtaki ahadi iliyovunjwa. Ila jina la mgawanyi lilimganda mmoja tu, yule aliyekuwa na kipaza sauti.

Na kipaza sauti alikijua. Waliohudhuria mikutano yake wanakumbuka jinsi alivyokuwa akianza. "Kitendawili!" anaita, na uwanja mzima unajibu kwa sauti moja, "Tega!" Kisha anatangaza mpira: anawapanga wanasiasa uwanjani, huyu anampokonya yule, pasi inakwenda kwa fulani, wapinzani wanateleza, na anayefunga bao mnamjua. Hakuna takwimu ndani ya hotuba hiyo, wala sera. Lakini mtu akitoka hapo anajua yuko timu gani, na ubaya wake ndio huo: anajua pia timu nyingine ni ya nani.

WAKILI: Naomba tuache tabia na vipaji, tuje kwenye sheria ya uchaguzi, maana ndiko jibu liliko. Mwaka 1992 Moi alishinda urais kwa takriban asilimia 36 ya kura. 1997 alishinda tena kwa kama asilimia 40. Zaidi ya nusu ya nchi haikumtaka, akatawala. Sheria ya wakati huo ilitaka uwe na kura nyingi kuliko wengine na upate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Basi. Chini ya sheria kama hiyo, kuchukiwa na wengi si tatizo, maadamu wanaokuchukia hawaelewani wao kwa wao. Uingereza, Margaret Thatcher alishinda chaguzi tatu, 1979, 1983 na 1987, na hata mara moja chama chake hakikufika asilimia 44. Sasa mtazameni Raila. 2007 tume ilimpa asilimia 44. 2013 ikampa 43.31. 2017 ikampa 44.74. Chaguzi tatu, miaka kumi, amesimama pale pale kama aliyechimbiwa. Asilimia 44 ilikuwa nyingi kuliko zote alizopata Thatcher, na ilimshinda Moi kwa mbali. Ila tangu Katiba ya 2010, Kenya inataka nusu ya kura na moja zaidi, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Na aliyepigania Katiba hiyo kwa jasho ni Raila mwenyewe. William Ruto, aliyemshinda 2022, ndiye aliyekuwa upande wa Hapana.

MAMA MBOGA: Wakili, wewe ni kijana wangu na nakuheshimu, lakini hizo asilimia unazosoma ni za nani? Ni za tume. Uchaguzi wa 2007, jaji Kriegler aliletwa kutoka Afrika Kusini kuuchunguza, akasema mambo yalivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi mzima wa rais. Halafu unanitajia 44.74 kama unanisomea Msahafu!

WAKILI: Hapo umenibana, mama. Nakubali zile za 2007 na 2017 zina kasoro, na moja imefutwa na mahakama. Hata hivyo, ongeza kura utakazo juu ya hizo, bado utaona ukuta. Kuna ngome alikozoa kura karibu zote, na kuna ngome alikopata kura kama za sadaka. Mtu mwenye picha hiyo ya kura akikosea padogo tu amekwisha. 2007 tofauti iliyotangazwa ilikuwa kama kura elfu 230, na 2022 nayo ilikuwa kama elfu 233. Mara mbili, miaka kumi na tano imepita katikati, na upungufu ni ule ule.

MWALIMU: Ndiyo ninayosema!

WAKILI: La, Mwalimu, si unayosema wewe. Unasema mgawanyiko humponza kiongozi. Mimi nasema humponza kwenye sheria fulani na kumbeba kwenye nyingine. Na hata kwenye sheria hii ya nusu na moja, umewabeba watu wawili mbele ya macho yetu. 2013 Uhuru na Ruto walikuwa wanashtakiwa The Hague kwa makosa dhidi ya binadamu. Mabalozi wa Magharibi wakaonya. Kuna viongozi waliogawa watu kuliko hao? Jamii zao zilikuwa zimechinjana 2008. Mashtaka yale yakawaunganisha: ikawa sisi dhidi ya wageni, sisi dhidi ya aliyetupeleka kwa wageni. Wakapata asilimia 50.07. Walivuka mstari kwa kama kura elfu 8 tu, lakini walivuka.

MWALIMU: Kwa hiyo kugawa si kosa. Kosa ni kugawa vibaya?

WAKILI: Kosa ni kukata nchi mahali ambapo upande wako unabaki mdogo. Ile kauli ya makabila 41 dhidi ya moja, iliyozagaa kwenye kampeni za 2007, waliodhani inawafaa ODM walikuwa wanahesabu makabila. Kura hazihesabiwi kwa makabila. Na ukilitenga kabila moja kubwa, si lazima mengine yote yabaki nawe. Miaka mitano baadaye Bonde la Ufa lilikuwa limeondoka na Ruto.

Mwanahabari wa Dar alikuwa kimya muda wote huu, akiandika. Nikampa zamu.

MWANAHABARI: Ndugu zangu, kwetu mambo yana sura nyingine. Nyinyi mnamzungumzia mtu aliyegawa akiwa nje ya mlango. Mimi nataka kumzungumzia aliyegawa akiwa na funguo. John Magufuli na Raila walikuwa marafiki. Raila alikwenda hadi Chato kumtembelea. Wote wawili walipitia wizara ya barabara, na wote wawili walisifika kwa bomoabomoa. Raila alipokuwa waziri aliangusha majengo Nairobi yaliyokaa kwenye hifadhi ya barabara, hata ya wakubwa. Magufuli alikuwa na ile alama ya X nyekundu ukutani. Mkazi wa Kimara kuelekea Kibaha aliyeamka 2017 na kuikuta X kwenye nyumba yake hawezi kukuhadithia habari za Magufuli bila sauti kubadilika. Na jirani yake anayepita leo kwenye barabara pana kwenda Mbezi atakwambia hajatokea rais kama yule. Watu wawili, mtaa mmoja.

MAMA MBOGA: Na kura je?

MWANAHABARI: Hapo sasa. Tazama alivyoingia. 2015 ndani ya CCM aliyekuwa anagawa watu ni Edward Lowassa. Alikuwa na kambi, ana fedha, ana wafuasi waliokuwa wakiimba jina lake, na ana maadui wa kutosha ndani ya chama. Waliorudisha fomu walikuwa 38. Jina la Lowassa likakatwa hata kabla ya tano bora. Membe naye, aliyekuwa na kambi yake, akaachwa kwenye tatu bora. Aliyebaki akapita ni Magufuli, mtu asiye na kambi. Hakuna aliyemuogopa, basi hakuna aliyejipanga kumzuia. Alipewa tiketi kwa sababu hakuwa amegawa mtu. Lowassa akahamia Chadema mwezi huo huo wa Julai, akapata karibu asilimia 40 ya kura, nyingi mno kwa mpinzani wa Tanzania, na hazikutosha. Magufuli akapata asilimia 58. Kazi ya kugawa aliianza akiwa ameshakalia kiti.

MWALIMU: Na ikamponza?

MWANAHABARI: Tangu 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na haikufunguliwa hadi Januari 2023 chini ya Rais Samia. Mpinzani wake Tundu Lissu alimiminiwa risasi Dodoma Septemba 2017, akapona kwa majaaliwa. 2020 matokeo yakatangazwa asilimia 84. Ukiniuliza kama mgawanyiko ulimponza, nitakujibu kwamba mwenye funguo hapimwi hivyo. Waliompinga hawakuwa na uwanja wa kusimama wahesabike. Alipofariki Machi 2021, watu 45 walikufa kwa msongamano Uwanja wa Uhuru wakienda kumuaga. Na siku hizo hizo kulikuwa na Watanzania walioficha nyuso zao ili furaha isionekane. Makundi yote mawili ni ya kweli. Lakini kwenye karatasi ya matokeo lipo moja tu.

Nadhani hili ndilo jambo kubwa lililosemwa katika mjadala wote, na nasikitika kwamba wenzake walilipita haraka. Tunapouliza kama kuchukiwa kunamponza kiongozi, tunachukulia kwamba chuki hiyo ina mahali pa kwenda: debe, mahakama, gazeti, uwanja. Kenya ilikuwa na mahali hapo, pamoja na mapungufu yake yote. Ndiyo maana Raila alipimwa na kuonekana amepungua. Kiongozi aliyeziba mahali hapo hajulikani amependwa kiasi gani, wala mwenyewe hajui.

Wakati huo ndipo Kijana alipoingia, akawaamkia wakubwa wote kwa shikamoo moja, akavuta kiti.

KIJANA: Samahani, nimesikia mwisho tu. Lakini wazee wangu, mbona mnamzungumzia Raila wa zamani? Sisi tuliozaliwa baada ya 2000 tunamjua Raila wa handisheki. Januari 2018 aliapishwa Uhuru Park kuwa rais wa wananchi, watu wakahatarisha maisha kumlinda. Machi 9 akasimama na Uhuru kwenye ngazi za Harambee House wanashikana mikono. Wiki tano tu! Yule mliyemuita mgawanyi akawa wa serikali. Na unajua ilimpeleka wapi? Kushindwa tena.

MWALIMU: Hapana, mwanangu, hapo ndipo ushahidi wangu ulipo. Baada ya handisheki, 2022, alipata asilimia 48.85. Ni nyingi kuliko alizowahi kupata. Alipunguza ukali, akamchukua Martha Karua kuwa mgombea mwenza, Uhuru mwenyewe akamzungusha. Kura zikapanda. Angefanya hivyo 2013 leo tungekuwa tunazungumza mengine.

KIJANA: Mlima ulimpa nani, Mwalimu?

MWALIMU: Ulimpa Ruto.

KIJANA: Rais aliye madarakani, mtoto wa Mlimani, anawaambia watu wa nyumbani kwake mchagueni huyu, nao wanamkatalia. Sasa si hiyo chuki iliyolelewa miaka ishirini? Huwezi kuwaambia watu mtu fulani ni nyoka tangu 2005, halafu siku moja uwaambie ni sungura. Na wakati huo huo nyumbani kwa Raila joto lilishapoa. Nchi nzima waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 65. 2017 walikuwa karibu 79.

MAMA MBOGA: Niseme ukweli? Mimi 2022 nilikwenda kupiga kura, ila sikukesha. Zamani tulikuwa tunakesha kituoni kulinda kura. Mwaka huo nililala. Yule Baba aliyekuwa anatupigania alikuwa anapanda gari moja na waliotupiga mabomu ya machozi. Na yule mwingine, Ruto, alikuwa anatutaja kila siku: mama mboga, mama mboga. Sikumpa kura, lakini masikio yalisikia.

WAKILI: Basi tumefika mahali pagumu. Akigawa, anagota kwenye 44. Akiacha kugawa, anapanda karibu na 49 lakini waliokuwa moto wanapoa. Alikosa namna.

MWANAHABARI: Labda alikosa muda. Ukali hujengwa haraka, upole huchukua miaka. Aliuanza akiwa na miaka 73.

WAKILI: Na mkumbuke 2022 makamishna wanne kati ya saba wa tume walijitenga na matokeo. Mahakama ya Juu ikayathibitisha Septemba 5. Sisemi aliibiwa wala hakuibiwa. Nasema aliyefika jirani kiasi hicho hawezi kutumiwa kama ushahidi kwamba mgawanyiko humuua mtu kisiasa. Umemuacha hai robo karne.

Niwape hesabu yangu, maana Wakili ameisogelea bila kuigusa. Raila alishindwa 1997 akiwa wa tatu, kwa chama kilichokuwa na alama ya trekta, ambako ndiko alikopata jina la Tinga. Kabla muhula ule haujaisha alikuwa waziri wa kawi wa Moi, yule yule aliyemfunga, na katibu mkuu wa KANU. Alitangazwa ameshindwa 2007, na Aprili 2008 akaapishwa Waziri Mkuu katika ile serikali ya nusu mkate. Alisusia marudio ya Oktoba 2017. Uhuru akapata asilimia 98 kwa uchaguzi ambao wapiga kura sita katika kila kumi hawakwenda, na kabla ya miezi mitano kwisha akamtafuta Raila wakapeana mikono. Alishindwa 2022, akaingia barabarani 2023, na Julai 2024, vijana walipokuwa wamelivamia Bunge mwezi mmoja tu nyuma, Ruto akawaita watu wa ODM kwenye baraza lake: Mbadi hazina, Wandayi kawi, Joho madini, Oparanya ushirika. Machi 7, 2025 wakatia saini mkataba. Karibu kila aliposhindwa alikaribishwa mezani. Mtu mpole mwenye asilimia 15, anayependwa kidogo na kila mmoja, hakuna rais anayemtafuta. Hutafutwa yule ambaye akisema kesho hakuna kazi, Kisumu inafungwa, Kibra inafungwa, na shilingi inatetemeka.

Kwa hiyo Mwalimu anakosea, na Mama naye anakosea kidogo. Mgawanyiko haukumponza Raila. Ulimpa kila kitu isipokuwa Ikulu. Ulikuwa bima yake. Na bima hulipiwa.

KIJANA: Na walioilipa ni sisi. 2024 waliokufa mbele ya Bunge hawakuwa wa ODM wala wa UDA ya Ruto. Waliposhuka barabarani hawakumuita kiongozi yeyote. Mwezi mmoja baadaye watu wakawa mawaziri juu ya damu yao. Mimi sikumchukia Raila, nilisikitika. Wala siku alipofariki sikucheka.

MAMA MBOGA: Usicheke, mwanangu. Siku ile maiti ilipofika kutoka India watu walitembea kutoka uwanja wa ndege hadi Kasarani. Nilikuwepo. Askari walipiga risasi pale pale uwanjani, watu wakafa kwenye msiba. Msiba! Mwili uko mbele yao.

MWALIMU: Na Bondo, kwenye mazishi, walikuja wote, Ruto na Uhuru, waliompinga na waliompigania. Waliokuwa wakimwita mchochezi wakasimama kumwita mpatanishi. Nilikuwa natazama kwenye televisheni nikajiuliza, hawa walikuwa wapi? Mimi ni mtu wa Pwani. Kura yangu nilimpa kila mara tangu 2007, na bado nasema ukali wake ulimnyima kiti.

MAMA MBOGA: Kumbe ulimpa!

MWALIMU: Nilimpa. Kumpigia mtu kura hakunizuii kuona alipokosea.

WAKILI: Nami nilikuwa upande mwingine 2013, sikuficha. Na leo naona Katiba aliyoipigania ndiyo inayomlinda kila anayempinga rais yeyote. Ile Mahakama iliyofuta ushindi wa 2017, ya kwanza Afrika kufuta uchaguzi wa rais aliye madarakani, imetoka kwenye Katiba hiyo. Mtu mpole asingeipata. Miaka ishirini ya wapole kutaka Katiba mpya ilipita, na iliyoileta ni nchi iliyoona moto.

MWANAHABARI: Hilo msilipambe sana, ndugu Wakili. Kuna nchi zimeona moto na hazikupata Katiba.

WAKILI: Kweli.

MWALIMU: Basi nikuulize swali la mwisho, wewe unayependa hesabu. Tumezungumza kura za Raila, za Uhuru, za Ruto, za Magufuli. Nani amefaidika, nani ameponzeka. Wote tuliowataja, hata walioshindwa, walikufa au wanaishi kama wakubwa. Ule mgawanyiko wa 2007 mwenyewe, bili yake ilikwenda kwa nani?

WAKILI: Ziko nyaraka. Tume ya Waki ilihesabu waliouawa 1,133, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Kofi Annan alipatanisha, mkataba ukasainiwa Februari 28, 2008, Kibaki akabaki rais na Raila akawa Waziri Mkuu. Mwendesha mashtaka wa The Hague aliwataja washukiwa sita, watatu kutoka kila upande. Wawili mashtaka yao hayakuthibitishwa. Kesi ya Muthaura iliondolewa 2013, ya Uhuru ikaondolewa Desemba 2014, ya Ruto na Sang ikavunjwa Aprili 2016. Wawili kati ya hao sita wamekuwa marais. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa.